Skrini Haina Mwenyewe

Kuna ofisi moja ya umma hapa Kisumu, sitaitaja kwa sababu bado nataka kuhudumiwa huko, ambayo pale mlangoni walisimamisha skrini kubwa ya kugusa, ndefu kama mtu mzima, imefungiwa ndani ya kabati la chuma lililopakwa rangi ya samawati. Ilipoletwa tulipanga foleni kuigusa. Sio kupata huduma, kuigusa tu. Ukiweka kidole samaki wa rangi ya dhahabu wanatoroka pande zote, halafu menyu inatokea, unachagua shida yako, inakutemea namba ya foleni, na kabla hujatoka inakuuliza kama umefurahia, kuna sura tatu, moja inacheka, moja imenuna, moja haijielewi. Nyuma yangu siku hiyo kulikuwa na mama wa makamo, akabonyeza ile ya kucheka kama mara saba hivi. Nikamuuliza, mama, mbona mara saba? Akasema, "Si imeuliza? Na mimi naijibu."

Haikumaliza miezi mingi ikazima. Leo hiyo skrini ni mahali askari anaegemeza rungu yake, juu ya kabati kuna kalenda ya mwaka uliopita na chupa ya sanitaiza ambayo nayo iliisha kitambo. Kitu pekee bado kinafanya kazi hapo ni soketi. Iko na matundu ya watu wawili, upande mmoja ni waya wa skrini, upande wa pili watu wanachajia simu.

Nimeanza na hii skrini kwa sababu siku hizi kila mahali neno ni hilo hilo, sanaa shirikishi, maonyesho ya kugusa, dizaini inayoongea na mtu. Ingia kikao chochote cha mambo ya ubunifu, iwe Kisumu, iwe Nakuru, iwe Eldoret, lazima mtu atasimama na projekta aonyeshe ukuta unaobadilisha rangi ukipita mbele yake, aseme huku ndiko dunia inaenda. Na mimi nisidanganye, hizo vitu nazipenda, naweza kaa usiku mzima kwa simu nikitazama video zake mpaka bando iishe. Lakini nimefika mahali swali langu limebaki moja tu, hii kitu ikizima, nani atakuja kuifungua? Kama hakuna mtu wa kujibu hilo swali basi hiyo si sanaa shirikishi, hiyo ni fanicha yenye waya.

Chukua Rain Room. Ilitengenezwa na kikundi cha London kinaitwa Random International, ikaonyeshwa Barbican, kituo cha sanaa cha huko huko London, mwaka wa 2012, mwaka uliofuata ikaenda MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa kule New York, na tangu 2018 kuna moja ya kudumu Sharjah, Falme za Kiarabu. Ni chumba cha giza, ndani mvua inanyesha, mvua ya maji kabisa sio picha, lakini kuna kamera zinazoona uko wapi na mfumo unafunga matone ya hapo juu yako, kwa hivyo unatembea katikati ya mvua na hulowi. Ukienda mbio mfumo unachelewa kukufikia, unalowa. London watu walisimama kwa foleni masaa na masaa ndio waingie.

Nilimsimulia binamu yangu wa Ahero hii kitu, akanyamaza kwanza. Halafu akaniuliza, "Yaani wanapanga laini ndio wanyeshewe?" Nikamwambia hapana, ndio wasinyeshewe. Akanyamaza tena. Sasa huyu ni mtu ambaye mawingu yakikaa vibaya kule juu milima ya Nandi yeye huku chini nyanda za Kano ndiye anabeba godoro kichwani usiku, mto Nyando hauna kamera ya kumwona amesimama wapi. Baadaye sana, tumeshaongea mambo mengine ya mazishi na ng'ombe, ndio akasema polepole, "Lakini mvua inayokuona. Hiyo ni kitu." Na mimi nikaelewa ile kazi siku hiyo kuliko makala zote nilizowahi kusoma juu yake. Mtu wa London anaona ni maajabu ya teknolojia na picha nzuri ya kupost. Mtu wa Kano anaona ombi lake. Ikiwa siku moja kazi ya aina hiyo itakuja upande huu, tafadhali isiwekwe kwa hoteli ya watalii pale karibu na ziwa, ipelekwe Ahero, ipelekwe Budalang'i kwenye mafuriko, huko ndiko iko na uzito.

Ila fikiria ni nini kinaishikilia. Pampu, vichujio vya maji, kamera zinazotakiwa kupangwa upya kila zikisongea kidogo, watu wa kuhesabu wageni waingie wachache wachache. Mvua yenyewe ni kazi ya mafundi wanaofanya kila siku na hakuna mtu anayewapiga picha. Hiyo sehemu ndiyo huwa inakatwa tukileta hizo vitu huku, tunaleta mvua tunaacha fundi wa pampu.

Kuna nyingine naipenda zaidi. Rafael Lozano-Hemmer, msanii aliyezaliwa Mexico anayefanyia kazi Canada, ako na kazi inaitwa Pulse Room, ya 2006. Balbu za kizamani, zile za waya ndani, zimening'inizwa kwa dari nzima, mia na zaidi. Mbele kuna mahali pa kushika na mikono miwili, hapo kuna sensa, sio ile ya kuhesabiwa usiku, ni kifaa tu cha kuhisi, inasoma mpigo wa moyo wako na balbu iliyo karibu inaanza kuwaka na kuzima vile moyo wako unapiga. Ukiachilia, taa zote zinazima kidogo, halafu mpigo wako unaingia kwa balbu ya kwanza kwenye laini, na wa kila mtu aliyekutangulia unasukumwa hatua moja mbele. Wa mwisho kabisa anatoka. Kwa hivyo ukiinua macho unaona mioyo ya watu waliosimama pale ulipo, hujui sura zao, hujui kama wako hai, na unajua yako pia itasukumwa polepole mpaka itoke.

Mara ya kwanza kusoma hiyo nilicheka peke yangu kwa matatu, nikasema, si hii ni pakruok.

Kwa asiyejua, pakruok ni ile kujisifu ya Wajaluo kwenye ngoma. Msanii anapiga nyatiti, kile chombo cha nyuzi, au muziki wa ohangla, au benga, wewe unasimama na noti yako ya pesa, unatoa, muziki unasimama, yaani mtu mmoja anasimamisha bendi nzima, halafu unajitaja. Wewe ni mtoto wa nani, wa upande gani, umeoa wapi, huyo bibi anang'aa vipi, na rafiki yako aliyekaa hapo kando ni mnyama gani akikasirika. Watu wanapiga kelele, muziki unarudi, na msanii ameshachukua maneno yako ameyapanga ndani ya wimbo kama yalikuwa hapo tangu zamani. Kabla hujakaa vizuri mwingine amesimama na noti kubwa kuliko yako, na jina lako limesukumwa nyuma. Hiyo ni mashine inayopokea mtu, inamwonyesha kwa wote, inamweka kwa foleni ya waliotangulia, inangoja anayefuata. Imekuwepo kabla ya balbu kufika huku.

Lakini usiniskie vibaya, sisemi ati wazee wetu walivumbua Pulse Room, hiyo ni maneno ya bure ya watu wanaotaka kupigiwa makofi. Hizi vitu mbili zinatofautiana na tofauti ndiyo tamu. Pulse Room inachukua moyo inaacha jina. Waziri na mtu wa mkokoteni wakishika pale, balbu ni ile ile, hakuna wa kuwaka zaidi. Pakruok inachukua jina, na inachukua mfuko pia, bana asiye na noti usiku ule hana sauti, amekaa tu anakunywa soda moja masaa manne. Hapo yule Mmexico ametushinda, na tukubali.

Kwa upande wa pili, ile pakruok iko na kitu balbu haina. Iko na mtu ndani. Mpiga nyatiti anakukumbuka. Ukirudi baada ya mwaka kwa matanga nyingine kijiji kingine, anakuona unaingia tu mlangoni, anakutaja kabla hujatoa shilingi, kwa sababu anajua ukitajwa utatoa. Anaweza kukuongezea sifa, anaweza kukupunguza kwa mzaha, anaweza kujifanya hajaskia. Na chombo chenyewe angalia vile kimepangwa, nyuzi nane, mguuni njuga, kwa kidole gumba cha mguu pete ya chuma inayogonga ule ubao, mtu mmoja amekaa kwa kiti kifupi na yeye ndiye ngoma, ndiye gitaa, ndiye mwimbaji. Uzi ukilegea katikati ya wimbo hasimamishi shoo aite kontrakta. Anakaza na mkono mmoja huku anawapigia hadithi, na mara nyingi hiyo hadithi ya kukazia uzi ndiyo watu wanaenda nayo nyumbani. Kutengeneza iko ndani ya kazi yenyewe. Hicho ndicho nataka tuchukue, sio mambo ya nani alianza.

Sasa watu wa nje, hao tunaowaiga, hii shida wanaijua vizuri sana na wanatumia pesa nyingi kupigana nayo. Nam June Paik, Mkorea ambaye wengi humwita baba wa sanaa ya video, mwaka wa 1988, mwaka wa Olimpiki ya Seoul, alijenga mnara wa televisheni 1,003 kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa ya kisasa kule Gwacheon, nje kidogo ya Seoul. TV za mgongo zote hizo. Mwaka wa 2018 mnara ukazimwa kwa sababu TV zimezeeka na ilikuwa imeanza kuwa hatari. Sasa swali, utafanya nini? Ukiweka zote bapa za kisasa ni rahisi lakini je bado ni kazi ya Paik? Ukiiacha imezima ni kaburi. Walichofanya ni kutafuta TV za mtumba na vipuri, zile 737 wakazirudisha kwa mirija ya kizamani, na 266 zile ndogo za juu ambazo hazikuwezekana wakaweka skrini bapa, na 2022 mnara ukawaka tena. Miaka minne. Kwa TV ambazo hapa kwetu mtu anabadilishana na sufuria.

Na hiyo ndiyo inaniuma. Hao walikuwa wanahangaika kutafuta TV za mgongo na mikono inayozijua, na huku Kondele mtu wa kutengeneza TV ya mgongo humtafuti, yeye ndiye anakutafuta. Wale wa rika langu wanakumbuka Greatwall, ile ndogo nyeusi na nyeupe, ilikuwa inawashwa na betri ya gari siku ya mpira, mtoto mmoja ako juu ya bati anazungusha aria na mwingine ako dirishani anapiga kelele bado, bado, hapo hapo, umepitisha, rudisha. Ukiniuliza hiyo ndiyo ilikuwa sanaa yangu shirikishi ya kwanza. Halafu 2015 tukahamishwa dijitali, kukawa na zile wiki za Februari stesheni kubwa ziko giza, watu wakaambiwa TV zao hazina kazi tena, wengine wakatupa, lakini mafundi wakasema ngoja, hii ni mambo ya dekoda tu, na Greatwall na ndugu zake wakaendelea kuishi miaka mingine. Hayo maarifa bado yako hapa mjini. Yako kwa vibanda vya mabati vyenye harufu ya solda. Hakuna mtu wa sanaa aliyewahi kuenda kuyauliza kitu.

Hata hizi za kompyuta ni hadithi hiyo hiyo. Microsoft walitoa Kinect 2010, kamera ya mchezo wa Xbox inayoona mwili wa mtu, na wasanii dunia nzima wakaifungua wakaifanya jicho la kazi zao, kwa sababu ilikuwa ya bei ya chini kuliko vifaa vya maabara. 2017 Microsoft ikaacha kuitengeneza. Kazi ngapi zilibaki zinatafuta jicho kwa mitumba, wenyewe wanajua. Ndio maana huyo Lozano-Hemmer 2015 alikaa chini akaandika mawaidha marefu kwa wasanii wenzake kuhusu vile hizi kazi zinafaa kutunzwa, andika namna inafanya kazi, hifadhi kodi, yaani maandishi ya programu ya kompyuta, fikiria kitu kitakufa kabla hakijafa. Mtu ambaye kazi zake ziko kwa makumbusho makubwa anahangaika na mambo ya vipuri. Na sisi tumenunua skrini ya ofisi na hatuna hata karatasi moja inasema imefungwaje.

Nikae kidogo kwa ziwa kwa sababu hapa ndipo mawazo yangu yote huwa yanaishia.

Enda Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, usiku wa giza, usiku usio na mwezi, utaona mji mwingine umeota juu ya maji. Mgeni hudhani ni ng'ambo, hudhani ni mji wa watu. Ni taa za omena, wale dagaa wa ziwa. Wavuvi wanatoka jioni, wanaweka taa juu ya vitu vinavyoelea, wanaziacha zikiwaka mbali mbali, omena wanakuja kwa mwanga wanazunguka chini yake, na baada ya masaa mtumbwi unazunguka na wavu pole pole, taa moja baada ya nyingine. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, ukikaa ufuoni ulikuwa unasikia vile zinaunguruma zikipulizwa, siku hizi nyingi ni LED na betri, zingine zinachajiwa na sola mchana, mwanga wake ni mweupe zaidi na kwa maoni yangu umeharibu uzuri kidogo, ile ya manjano ilikuwa kama ziwa linapumua. Lakini hilo ni langu mimi niliye nchi kavu na tumbo limejaa, mwenye kununua mafuta kila siku haongei hivyo.

Ukiitazama kwa macho ya sanaa, hiyo ni instalesheni, yaani kazi ya sanaa inayojaza mahali pazima, kubwa kuliko zote nilizowahi kuona, na watazamaji wake si sisi, ni samaki. Taa inaita, samaki anajibu, mvuvi anasoma jibu kwa vile maji yanachezacheza, anaamua. Na iko na mpaka wake, mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, mwanga umetapakaa kila mahali na omena hawakusanyiki, watu wanarudi nyumbani kushona nyavu. Mfumo unaojua wakati wa kunyamaza! Nionyeshe skrini ya mjini inayojua hiyo. Taa ikizima saa nane usiku, mtu yuko kwa mtumbwi, ako na kipande cha tyubu, waya, na meno. Ataifungua. Asipofungua hakuna omena, na bila omena hakuna karo. Kwa hivyo hiyo taa iko na mwenyewe, na mwenyewe yuko mita chache kutoka kwake.

Ziwa hilo hilo liliwahi kutuletea kazi nyingine ya dizaini na wengi waliipita tu. 2021 ile Flipflopi, jahazi la plastiki lililotengenezwa Lamu, mbao zake ni plastiki iliyoyeyushwa na mwili wake umevishwa vipande vya malapa vya rangi zote, ilibebwa na lori kutoka pwani mpaka hapa Kisumu ndio iteremshwe kwa ziwa kuhubiri mambo ya taka. Watu waliipiga picha kwa sababu ya rangi. Mimi nilichopenda ni kwamba ile plastiki mafundi wa majahazi waliichonga kama mbao, kwa ufundi ule ule wa baba zao. Hawakungoja mashine mpya. Walichukua kitu kigeni wakakiingiza kwa mkono wanaoujua, na kwa sababu hiyo kikipasuka mtu wa Lamu anajua aanzie wapi.

Nasikia mtu ananiambia sasa wewe unataka turudi kwa karabai na nyatiti, vijana waache kompyuta. Apana. Vijana hawana shida na hii mambo kabisa, tena wako mbele. Wasichana watano wa shule ya Kisumu Girls, wale waliojiita Restorers, 2017 walitengeneza programu ya simu inaitwa i-Cut ya kusaidia wasichana wanaokabili ukeketaji, wakaenda nayo mashindano ya teknolojia ya Technovation mpaka California, na 2019 wakafika fainali ya tuzo ya Sakharov, ile ya haki za binadamu ya Bunge la Ulaya. Kisumu Girls, sio shule ya Ulaya. LakeHub, kituo cha teknolojia, iko hapa mjini na watu wanajifunza kuandika programu za kompyuta. Ufundi hatujakosa. Na vifaa pia vimerahisishwa, ile Arduino iliyoanza Italia 2005, kibao kidogo cha kuunganisha sensa na taa na mota, waliitoa na michoro yake wazi, kwa hivyo kila mtu anaruhusiwa kuiga, na ndio maana kuna za Mchina za bei ya chini ambazo mtoto wa hapa anaweza kuchanga pesa akanunua. Mchoro kuwa wazi maana yake ni fundi anaruhusiwa ndani. Hakuna stika ya kukutisha ati ukifungua dhamana imekufa.

Kuna kijana wa Manyatta najua, simtaji, kazi yake ni kuweka taa kwa tuktuk. Sio taa tu, taa zinazofuata besi. Anachukua hivyo vibao vya Mchina, anaweka maikrofoni ndogo karibu na spika, wimbo ukigonga taa zinakimbia kutoka mbele hadi nyuma, na ametega nyingine ziwe nyekundu dereva akikanyaga breki, kwa hivyo tuktuk ikisimama ghafla katikati ya ohangla inakuwa kama imeshtuka. Nilimuuliza alifikiriaje hiyo ya breki, akasema ni makosa, waya ziligusana siku moja akaona inapendeza akaiacha. Huyo ni msanii, na ni mbunifu kwa maana kamili ya neno. Kwenye hizo semina za ubunifu hajawahi kualikwa hata kuweka spika. Na ukiuliza dereva taa zikizima anafanya nini, anakuonyesha kibanda, "Si ni pale tu, mwenyewe yuko."

Mwenyewe yuko. Hayo maneno mawili ndiyo nataka yaandikwe kwa kila tenda ya skrini, ya bustani ya kidijitali, ya makumbusho yenye meza za kugusa, ya mnara wa taa tutakaouziwa kesho. Mimi nikipewa hiyo bajeti, na najua sitapewa, ningeigawa nusu kwa nusu, nusu inunue kitu, nusu imlipe kijana mmoja wa karibu miaka mitano akitunze, na awepo tangu siku ya kwanza ya kuchora, sio kuitwa wakati moshi umetoka. Kazi itakuwa ndogo, ndio. Badala ya ukuta mzima tutapata dirisha. Naona afadhali dirisha linalowaka, ingawa wanasiasa hawataipenda hiyo kwa sababu dirisha halipigiki picha vizuri siku ya kukata utepe.

El Anatsui wa Ghana, mzee aliyezaliwa 1944, yeye hana hata waya wa stima. Anaunganisha vifuniko vya chupa maelfu kwa maelfu na waya wa shaba mpaka vinakuwa kama shuka kubwa ya chuma, na akiituma kwa makumbusho huwa hawalazimishi waitundike vile vile kila mahali, wanaotundika ndio wanaikunja, wanaamua ishuke wapi ivimbe wapi. 2023 alijaza ile Turbine Hall, ukumbi mkubwa wa makumbusho ya Tate Modern kule London, na hizo shuka. Mtu anaweza kusema hiyo haijibu. Mimi nasema inajibu mkono wa kila mtu anayeitundika, na msanii aliukubali huo mkono kabla hajaujua ni wa nani. Ni ile roho ya kuamini fundi.

Basi juzi nikaamua kuacha maneno. Nikamchukua fundi wangu wa Kibuye, mtu amenitengenezea redio na pasi miaka yote, nikamlipia tuktuk mpaka kwa hiyo ofisi yangu nisiyoitaja. Akainama nyuma ya kabati, akamulika kwenye matundu ya hewa na tochi ya simu, akakaa hivyo kitambo. Akaniambia, "Omera, hii iko hai. Ona hiyo taa nyekundu inapepesa. Hapo ni kapasita za pawa zimefura, stima ya huku si unajua vile inapanda na kushuka. Nipe nusu saa. Nauli na chai tu."

Nikaita askari. Askari akaita mtu wa ndani. Mtu wa ndani akaja na kalamu sikioni, akatuskiza vizuri kabisa, akasema ni wazo zuri, shida ni kabati liko na kufuli na funguo ilibaki na kontrakta, na kontrakta ni wa Nairobi, na namba yake haiingii tangu mwaka jana. Fundi akauliza kama anaweza kukata kufuli, anunue ingine mpya aweke, aache funguo hapo kwa askari. Akaambiwa hiyo ni mali ya umma.

Kijana mmoja aliyekuwa kwa foleni alikuwa anatuskiza, akasogea, akaweka kidole kwa kioo kujaribu. Samaki hawakutoroka. Fundi akapanga vyombo vyake kwa mfuko, akaangalia ile soketi, akamuuliza askari simu iliyo hapo ni ya nani na kama imejaa, akachomoa, akachomeka yake.